Laini ya Nakonde

Februari 2025, siku chache baada ya sherehe za kuzaliwa kwa Chama, baba mdogo alikuja kibandani kwangu Sogea akiwa bado na shati lake la kijani. Nilimwamkia, akaitika, akaketi kwenye kreti la soda wanalokalia wateja wangu wa miamala mtandao unaposumbua. Akanipa simu yake.

"Mwanangu, nitafutie vijana. Wanasema wote wamo humu."

Ana kadi ya mwaka 1977, mwaka ambao CCM yenyewe ilizaliwa. Ni mwenezi wa tawi. Kwenye siasa zetu neno "mhafidhina" limezoeleka zaidi Zanzibar, kwa wana-CCM waliokuwa hawataki kusikia habari za maridhiano na CUF. Huku kwetu tunasema tu "wazee wa Chama". Kama mpakani hapa kuna mhafidhina, basi ni yeye. Hadi leo anaamini vyama vingi vililetwa na watu wasiokuwa na shamba la kulima.

Mimi sijawahi kukipigia kura chama chake, na anajua. Tunduma ndiyo ilivyo. Mwaka 2015 jimbo lilimchagua Frank Mwakajoka wa CHADEMA. 2020 likaenda CCM kwa David Silinde, ambaye naye alikuwa ametokea CHADEMA. Katika ukoo wetu watu wamezoea kula ugali sahani moja huku kila mmoja akijua mwenzake yuko wapi.

Nikamfungulia kundi la WhatsApp. Nikaingiza namba za bodaboda, wabadilisha kwacha, madada wa mitumba, wavushaji mizigo wa kwenda na kurudi Nakonde. Siku ya kwanza tulikuwa watu 112. Baba mdogo akaanza kazi: mabango yenye picha za viongozi, nyimbo za wasanii wa Bongo Fleva za kusifia, salamu ndefu za asubuhi kwa herufi kubwa tupu. Ndani ya wiki mbili watu thelathini walikuwa wamejitoa. Waliobaki walikuwa kimya kama wafiwa.

"Hawa watoto wana nini?" aliniuliza.

Nikamwambia wanamwona chawa. Alikasirika. Chawa kwake ni mdudu wa kwenye mshono wa suruali, si mzee aliyetembea kwa miguu mpaka Chapwa kugawa kadi za Chama. Nikamweleza kwamba kijana anayenunua bando la shilingi mia tano hataki kuliteketeza kwa kupakua picha ya mtu ambaye tayari yuko kwenye kila nguzo ya umeme.

Kilichomwokoa ni kalavati. Kijana mmoja wa bodaboda aliandika, kwa kejeli nadhani, kwamba mwenezi aache nyimbo awaambie kalavati la njia ya kwenda kwao litajengwa lini, maana mvua ikinyesha abiria wanashuka na kuvua viatu. Baba mdogo hajui kuchapa haraka, kwa hiyo akabonyeza kipaza sauti. Nilikuwa karibu, malori yananguruma barabarani, naye akasema kwa Kiswahili chenye Kinyamwanga ndani: "Mwanangu, sijui. Kesho naenda kuuliza."

Akaenda. Alirudi na jibu baya: fedha hazipo kwenye bajeti ya mwaka huo. Akalisema hivyo hivyo. Nilitegemea matusi, lakini kundi likafufuka. Wakaanza kumuuliza foleni ya malori, ushuru wa sokoni, mikopo ya vijana ya halmashauri na kwa nini fomu zake huwafikia wale wale. Walimpinga, wakamtania, wakamtumia stika za kondoo. Naye akawakumbusha tozo ya miamala ya Julai 2021, jinsi watu walivyopiga kelele mitandaoni na Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 kabla ya miezi miwili kwisha. "Mliandika, tukasikia," alisema. Mimi niliyekuwa natukanwa dirishani na wateja kwa sababu ya tozo ile nilitaka kucheka, ila lazima nikiri hoja ilikuwa yake.

Jioni moja nilimsimulia jinsi William Ruto alivyoketi Julai 5, 2024 kuzungumza na vijana wa Kenya kwenye X. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alisubiri mpaka watu wafe ndiyo azungumze?"

Aprili CHADEMA ikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili, na Tundu Lissu akafunguliwa kesi ya uhaini. Mei X ikazuiwa nchini. Kundini hakuna aliyetukana. Yule yule wa kalavati aliandika tu: "Mzee, sasa Oktoba tunachagua kati ya nani na nani?"

Baba mdogo aliishika simu muda mrefu. Alibonyeza kipaza sauti, akaachia. Akabonyeza tena. Sikuwahi kumwona akikosa neno, na sikuweza kumsaidia, kwa sababu swali lile halikuwa la mtu anayejua simu. Usiku huo alipigiwa simu. Na nani, hakuniambia. Asubuhi akaniomba nilifunge kundi, wasimamizi tu ndio waandike. Wasimamizi tulikuwa wawili, mimi na yeye. Mabango yakarudi.

Oktoba 29 mtandao ulikatika nchi nzima. Nilifunga kibanda nikakaa nyumbani. Siku ya pili yake jioni akagonga mlango, bila shati la kijani.

"Ile laini yako ya Nakonde inashika?"

Inashika, ukisimama nyuma ya nyumba karibu na choo. Wengi wetu tuna laini ya Zambia kwa ajili ya biashara. Nikamgawia mtandao kutoka kwenye simu yangu, akafungua WhatsApp, akaniambia: "Lifungue kundi. Waandike wote."

Nikalifungua. Aliandika kwa kidole kimoja, mara hii kwa herufi ndogo: mpo salama wote? Ikatokea tiki moja. Tulisimama pale mpaka mbu wakatushinda. Ilibaki moja.

Alikuja kesho yake, na kesho kutwa yake. Novemba 3, mtandao ulipoanza kurudi, alikuwa ameketi kwenye kreti lake. Watu wanne walijitoa kundini papo hapo, wakifuatana. Akahesabu majina kwa kidole, akalitafuta la yule wa kalavati. Lilikuwapo. Hakuwa ameandika kitu.

Chaji ilikuwa imekwisha, akaniachia simu akaenda zake. Usiku ilitoa mlio mara mbili. Sikuigusa.