Ini la Shangazi Halikuomba Chai Yangu

Acha niseme hili kabla sijabadilisha nia. Mwaka jana nililipwa shilingi 15,000 kutangaza chai ya "kusafisha mwili". Video ya sekunde 40 tu: nimeshika kikombe, natabasamu, nasema tumbo limeshuka na sumu yote imetoka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeinywa mara mbili, na mara zote mbili nilishinda chooni. Lakini watu waliipenda, na wengi wakanunua. Mmoja wao alikuwa shangazi yangu.

Mimi sikujua. Shangazi anauza mboga sokoni, na wakati huo alikuwa ameanza dawa za TB. Miezi 2 ya kwanza unameza dawa 4 kwa pamoja, kisha miezi 4 ya dawa 2. Moja inaitwa rifampisini, na ina kituko chake: inageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, hata jasho na machozi. Hiyo si hatari, ni rangi ya dawa tu. Kliniki walimweleza, lakini siku unayoambiwa una TB, nani husikia mengine? Alipouona ule mkojo akajua mwili umejaa sumu. Halafu simu ikamwonyesha mtoto wa ndugu yake ameshika kikombe.

Wiki tatu baadaye alianza kutapika. Chakula hataki. Macho yakawa manjano. Tulimkimbiza hospitali, na vipimo vya damu vikaonyesha ini limeumia. Daktari akamuuliza, "Mama, mbali na hizi dawa, kuna kitu kingine unakunywa?"

Shangazi akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Ile chai ya huyu mtoto."

Wacha tu. Nilitamani ardhi inimeze.

Daktari alikuwa muungwana. Alisema hawezi kuapa kwamba ni chai, kwa sababu dawa 3 kati ya zile 4 zinaweza kuumiza ini zenyewe. Kisha akanieleza kitu ambacho ningepaswa kukijua kabla ya kupokea pesa ya mtu.

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu, na la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Dawa ukiimeza, ikishaingia kwa damu kutoka utumbo, inapitia ini kwanza kabla ya kusambaa mwilini. Sasa, dawa nyingi zina asili ya mafuta. Fikiria sufuria uliyokaangia samaki: ukimwaga maji peke yake, mafuta hayatoki. Ini ndilo sabuni. Vimeng'enya vyake huibadilisha dawa, kisha huibandika kitu cha kuifanya iyeyuke kwa maji. Hapo figo zinaweza kuitoa kwa mkojo, au ipite kwa nyongo itoke na choo.

Shida ni kwamba katika kubadilishwa, dawa inaweza kwanza kugeuka kitu kikali kuliko ilivyokuwa. Chukua parasetamoli, hii ya kila nyumba. Sehemu yake ndogo hugeuka sumu ndani ya ini, na ini lina akiba ya kuizima. Ukizidisha dozi, akiba inaisha na seli za ini zinaanza kufa. Ndio maana mtu mzima hafai kupitisha gramu 4 kwa siku. Na ndio maana kumeza dawa ya mafua juu ya dawa ya kichwa ni mchezo mbaya, kwa sababu mara nyingi zote mbili zina parasetamoli ndani.

Sasa rudi kwa chai yangu. Pakiti iliandikwa "sanamaki na mitishamba mingine". Sanamaki ni dawa ya kuendesha tumbo. Inatoa choo na maji, basi. Dawa iliyo kwenye damu haiigusi. Na hiyo "mitishamba mingine" ilibidi ipitie ini lile lile, na hakuna aliyejua ni nini. Kumbe nilikuwa nauza mzigo nikiuita usafi.

Walisimamisha dawa zote. Ini lilipotulia, wakamrudishia moja baada ya nyingine huku wakipima damu. Matibabu yalichelewa, na siku hizo zote shangazi alikuwa akilala peke yake, akiogopa kuambukiza wajukuu. Alimaliza dozi, na alipopimwa akaambiwa amepona.

Ile video nilishaifuta. Pesa nilishazila. Kwa hivyo kilichobaki ni hiki: kama uko kwa dawa, iwe ni za TB, ARV, presha au kifafa, mwambie daktari kila kitu unachokunywa, hata majani uliyopewa na nyanya. Usijikatizie dawa mwenyewe. Lakini ukiona macho ya manjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Juzi nilipitia kibanda cha shangazi. Alinifungia sukuma za bure kama kawaida, akaniuliza kama bado nauza chai. Nikamwambia hapana.

"Na hao wengine walionunua, uliwaambia?"

Nikanyamaza.

"Basi waambie."

Ndio nawaambia.