Kilwa kwa tanga: raha ipo, karaha nayo ipo!

Wewe uliyezoea boti ya kasi ya Zanzibar, yenye viti laini na televisheni, usijidai baharia. Bahari utaijua siku utakapopanda mashua ya tanga, na pa kuanzia ni Kilwa.

Ukifika Kilwa Masoko, Kisiwani unakiona palepale ng'ambo. Huko ndiko kwenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, mji alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331. Lakini utamu uko mbele zaidi, kusini, Songo Mnara. UNESCO iliyaingiza magofu ya visiwa hivi viwili katika Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Safari hiyo haiendi kwa saa ya mkononi bali kwa upepo na maji. Wakati wa kusi upepo unawapiga usoni mnapokwenda, hivyo chombo hupiga bisho, mara huku mara kule, kama mlevi anayetafuta kwake. Kurudi ni mteremko. Kaskazi ikivuma, mambo hugeuka.

Sisi tulikwenda na kusi, abiria sita, nahodha na baharia wake. Hatujakaa sawa, maji yamejaa ndani, tukapokezana kata kuyafua. Wimbi likaingia bila hodi, likalowanisha kapu zima la maandazi. Dada mmoja akatapika mpaka akaapa kurudi kwa miguu. Nahodha akacheka: "Kwa miguu utapita wapi, mwanangu? Tazama mbali, usitazame chini." Kweli, tumbo likatulia.

Songo Mnara tulikuta maji yamekupwa. Unapandisha suruali, unapita tope katikati ya mikoko, mara unakutana na mji mzima wa mawe ya matumbawe: misikiti, makaburi, nyumba zenye milango ya tao. Uchovu wote kwisha!

Balaa likaja jioni. Nahodha alishasema saa kumi na nusu, maji yakijaa, kila mtu awe chomboni. Jamaa wawili wakanogewa na picha, wakarudi magharibi. Loo! Zilikuwa siku za bamvua, mwezi mpevu, maji yameshakimbia na mashua imelala ubavu mchangani.

Jamaa mmoja alikuwa na kikao asubuhi. Akachomoa noti, akamtaka nahodha aondoke maji yakirudi tu, usiku uleule. Mzee akazitazama, akamrudishia. "Pesa haielei, bwana mkubwa. Hapa tuko wanane, maboya ya kuvaa matatu. Nikikumwaga gizani nitakutafuta wapi?"

Jamaa akanuna. Sisi tukawasha moto, baharia akachoma changu, tukala chini ya mwezi mweupe pe! Alfajiri tanga likapandishwa, upepo uko nyuma, tukateleza hadi Masoko kabla chai haijapoa. Hata aliyenuna alikuwa anaimba.

Nawe ukienda, chukua kabisa kibali cha magofu hapo Masoko. Beba maji ya kunywa, na simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji. Kabla ya kupatana nauli, hesabu maboya. Yakipungua, tafuta chombo kingine. Nahodha akikwambia maji yanatoka, acha picha, kimbia!