Kano ya Goti na Dada wa Magereza

Mwaka 2010 goti langu la kushoto liliniachia nikiwa hewani kuzuia mpira. Nilikuwa mpigaji wa kati wa timu ya voliboli ya kampuni moja jijini Nairobi, na daktari alisema kano imekatika, lazima nipasuliwe. Kampuni haikunilipia. Mshahara ulikoma mwezi uliofuata, kisha timu yenyewe ikavunjwa. Mkataba sikuwa nao, ila ahadi ya mdomo. Kodi iliponishinda, mwenye nyumba aliweka kufuli lake juu ya langu.

Aliyenichukua ni mchezaji wa Kenya Prisons, klabu ya wanawake ya Magereza, mpinzani wangu wa miaka mingi pale wavuni. Alinipa nusu ya kitanda chake. Wenzake wakanifanyia mchango, na kwa mchango huo nikapasuliwa. Namshukuru Mungu kwa ajili yao hadi leo, maana hawakuwa na deni lolote kwangu.

Ndipo nilipoielewa klabu ile. Watu huhesabu mafanikio, na kweli yapo ya kuhesabu: kuanzia 2010 hadi 2013 waliiwakilisha Afrika kila mwaka kwenye Klabu Bingwa ya Dunia ya wanawake, mara tatu Doha na mara moja Zurich, mashindano ambamo pia zilicheza Fenerbahçe na VakıfBank za Uturuki. Medali hawakupata. Lakini mimi nililala chumba kimoja na mmoja wao, nikaona kilichokuwa nyuma ya safari hizo. Dada yule alikuwa askari wa Magereza aliyeajiriwa. Alikuwa na sare, cheo na mshahara wa mwisho wa mwezi, ashinde au ashindwe. Akivunjika mguu, anabaki askari. Kwa hiyo aliruka bila woga. Mimi nilikuwa nikiruka huku nahesabu kodi.

Tazameni waliopitia timu ile. Mercy Moim alikuja kuwa nahodha wa Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake, kwenye Olimpiki ya Tokyo, timu hiyo iliporudi kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza tangu Athens 2004. Brackcides Khadambi naye alifika Tokyo, kwa voliboli ya ufukweni. Vipaji kama hivyo vimejaa Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, katika shule za wasichana zisizo hata na sakafu ya ukumbi. Vingi huishia jikoni kwa sababu hakuna aliyevilipa vikomae.

Goti langu halikurudi kuwa la ligi. Miezi iliyofuata upasuaji nilifulia watu nguo asubuhi, jioni nikaenda mazoezini kwa Prisons kuokota mipira. Ukiwa pembeni unaona mengi: jinsi seta, anayepanga mpira, anavyomficha mpigaji wake, jinsi libero, mlinzi wa nyuma, anavyosogea kabla mpira haujapigwa. Kocha mmoja aliniona nikiandika hayo kwenye daftari, akanielekeza kozi ya ukocha. Huko ndiko nilikopata riziki, nami sasa nafundisha wasichana wa sekondari.

Timu zinapokuja kuwachukua, hutaja jezi, safari na kambi. Mimi nawaomba kwanza karatasi ya ajira, kisha nauliza nani atalipa hospitali binti akianguka. Wako waliokasirika wakaondoka. Waliojibu wamewachukua wasichana wangu.