Mchezo wa Watu Wawili

Ndugu msomaji, labda umewahi kuuona mpira wa vinyoya ukichezwa mjini. Wengine huuita badmintoni. Mchezaji hushika raketi nyepesi. Raketi hiyo ina nyuzi zilizosukwa kama wavu. Mpira wake si mpira wa kudunda. Ni kinyoya, yaani kichwa kidogo cha mviringo kilichochomekwa manyoya 16 ya ndege. Mara nyingi ni manyoya ya bata bukini. Uzito wake ni gramu 5 hivi tu.

Nataka kukueleza habari za mwanamke mmoja aliyeufanya mchezo huu kuwa kazi yake. Mwanamke huyo hakucheza peke yake. Alicheza mchezo wa wawili wawili. Nami napenda habari zake kwa sababu kazi yangu pia ni ya watu wawili. Nitakueleza hayo mbele kidogo.

1. Jinsi wawili wanavyocheza

Uwanja wa wawili una urefu wa mita 13 na sentimita 40. Upana wake ni mita 6 na sentimita 10. Katikati kuna wavu unaofika mabegani mwa mtu mrefu. Watu wawili wanasimama upande huu, na wawili upande ule. Kinyoya kikianguka chini upande wenu, wenzenu wanapata pointi. Wa kwanza kufika pointi 21 wanashinda seti, ila kwa kawaida wawe wamewazidi wenzao kwa pointi 2. Wanaoshinda seti mbili wanashinda mchezo.

Wakati wa kushambulia, mmoja hukaa mbele karibu na wavu, mwingine hukaa nyuma. Wakati wa kujilinda, wote wawili husimama sambamba, kila mmoja na upande wake. Hubadilishana nafasi mara nyingi kwa haraka sana. Hawana nafasi ya kuulizana. Kinyoya kikija katikati yao, ni lazima mmoja akipige na mwingine amwachie. Wote wakikikimbilia, raketi zitagongana. Wote wakikiacha, kitaanguka. Hapo ndipo ugumu wa mchezo huu ulipo.

2. Greysia Polii

Mwanamke ninayemsema anaitwa Greysia Polii. Alizaliwa Jakarta, nchini Indonesia, tarehe 11 Agosti 1987. Alikulia Manado, katika kisiwa cha Sulawesi. Alipokuwa bado mtoto alirudi Jakarta ili afundishwe mchezo.

Indonesia ni nchi ya visiwa vingi. Watu wake wanaupenda sana mpira wa vinyoya, kama sisi tunavyopenda kandanda. Mpira wa vinyoya uliingizwa rasmi katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1992. Mwaka huo huo Indonesia ilipata nishani 2 za dhahabu katika mchezo huo. Tangu hapo, watu wa huko hungojea dhahabu kila Olimpiki. Mzigo huo humwangukia mchezaji.

3. Siku mbaya mjini London

Mwaka 2012 Olimpiki ilifanyika London, Uingereza. Greysia alikwenda kucheza na mwenzake, Meiliana Jauhari. Wachezaji waliwekwa katika makundi. Wawili wa kwanza wa kila kundi waliendelea mbele. Baadhi ya jozi zilikwisha kupata nafasi ya kuendelea hata kabla ya mchezo wa mwisho wa kundi. Wakapiga hesabu kwamba wakishinda, watakutana mapema na wapinzani wakali. Wakishindwa, watapata njia rahisi zaidi.

Basi yakatokea mambo ya ajabu. Watu walipiga kinyoya kwenye wavu kwa makusudi. Pande zote mbili zilitafuta kushindwa! Watazamaji waliolipa fedha zao wakazomea. Kesho yake, tarehe 1 Agosti 2012, wachezaji 8 walifukuzwa katika mashindano. Jozi moja ilitoka China, mbili Korea ya Kusini, na moja Indonesia. Jozi hiyo ya Indonesia ilikuwa ya Greysia na Meiliana. Mwaka huo Indonesia haikupata nishani yoyote ya mpira wa vinyoya.

Sisemi haya ili kumwaibisha. Dunia nzima iliyajua. Nayasema kwa sababu wengi wangedhani kwamba safari yake imekwisha hapo. Wahenga walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Greysia alirudi mazoezini. Akaanza tena na mwenzi mwingine, Nitya Krishinda Maheswari. Mwaka 2014 wawili hao walipata nishani ya dhahabu katika Michezo ya Asia huko Incheon, Korea ya Kusini. Mwaka 2016 walikwenda Olimpiki ya Rio de Janeiro, Brazili. Walifika robo fainali, wakatolewa.

Kisha Nitya akaumia, akahitaji kufanyiwa upasuaji. Greysia alikuwa na umri wa karibu miaka 30. Alikuwa amebaki peke yake katika mchezo wa watu wawili. Akafikiri kuacha.

4. Msumeno wa watu wawili

Hapa nitasema habari zangu kidogo. Mimi ni mpasua mbao. Sina mashine. Natumia msumeno mrefu wa kuvutwa na watu wawili. Gogo huwekwa juu ya jukwaa la miti. Mmoja husimama juu ya gogo, mwingine husimama chini. Wa juu huangalia mstari. Wa chini huvuta, na unga wa mbao humwangukia machoni.

Kwa miaka 16 nilipasua na mtu mmoja. Yeye alikuwa juu, mimi chini. Hatukuwa na maneno mengi. Akipumua tu, nilijua kama tuvute au tupumzike. Halafu kiuno chake kikamshinda. Daktari akamwambia asipande tena jukwaani. Nilikaa miezi mitatu, msumeno ukaning'inia ukutani. Watu wawili walikuja kutaka kuununua. Nilikuwa na watoto wa kusomesha, lakini sikuwa na mtu wa kushika upande wa pili.

Ndipo dada yangu akaniletea mwanawe, kijana wa miaka 19. Alikuwa na nguvu kunishinda. Lakini alivuta kama mtu anayegombana. Mstari ulipinda, ubao ukawa mnene huku na mwembamba kule. Ilinibidi nimwambie mambo ambayo yule wa kwanza aliyajua bila kuambiwa. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuyatafutia maneno. Nilimwambia, "Mjomba, usinisukumie msumeno. Ukimaliza kuvuta, legeza mkono, mimi nitauchukua." Naye aliniambia, "Mjomba, na wewe usinikawize. Ukichelewa, napoteza nguvu bure." Alikuwa na haki. Tulipata ubao wa kwanza ulionyooka katika wiki ya nne.

Kwa hiyo niliposoma habari za Greysia gazetini, nilisoma polepole, neno kwa neno. Sikutaka linipite hata moja.

5. Msichana wa raketi ya mbao

Kocha wa Greysia aliitwa Eng Hian. Yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa wawili wawili, akapata nishani ya shaba katika Olimpiki ya mwaka 2004. Alimwomba Greysia asiache kwanza. Alimwomba awasaidie vijana.

Kijana aliyepewa ni Apriyani Rahayu. Alizaliwa mwaka 1998 huko Konawe, kusini-mashariki mwa Sulawesi. Kwao hawakuwa na mali. Raketi yake ya utotoni ilikuwa ya mbao, baba yake aliitengeneza kwa mikono. Greysia alimzidi karibu miaka 11.

Walianza kucheza pamoja mwaka 2017. Mwaka huo huo walishinda mashindano makubwa ya Ufaransa. Mwaka 2018 na mwaka 2019 walipata nishani za shaba katika mashindano ya dunia. Mmoja alikuwa na mbio na nguvu za ujana. Mwingine alikuwa ameona mengi. Lakini nadhani hilo peke yake halitoshi. Nguvu za kijana na akili za mzee hazikutani zenyewe. Ni lazima kila mmoja akubali kuambiwa.

6. Tokyo

Olimpiki ya Tokyo ilikuwa ifanyike mwaka 2020. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona iliahirishwa hadi mwaka 2021. Watazamaji hawakuruhusiwa kuingia uwanjani.

Greysia na Apriyani hawakutajwa miongoni mwa wale waliotegemewa zaidi kushinda. Lakini waliwashinda Wajapani waliokuwa jozi ya kwanza duniani. Wakaendelea mpaka fainali. Tarehe 2 Agosti 2021 wakakutana na Chen Qingchen na Jia Yifan wa China.

Katika fainali hiyo lilitokea jambo ambalo silisahau. Raketi ya Greysia iliharibika kinyoya kikiwa bado hewani. Greysia alikimbia pembeni, akachukua raketi nyingine, akarudi mbio. Wakati huo Apriyani aliulinda uwanja mzima peke yake. Hakuacha kinyoya kianguke. Mwenzake aliporudi, aliukuta mchezo bado unaendelea.

Walishinda kwa 21-19 na 21-15. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Indonesia kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wa wanawake wawili wawili. Tena ilikuwa dhahabu pekee ya Indonesia katika Olimpiki ile. Miaka 9 na siku 1 ilikuwa imepita tangu Greysia afukuzwe London.

Serikali yao ilimpa kila mmoja rupia bilioni 5 na nusu. Viongozi wa Konawe waliahidi kumpa Apriyani nyumba na ng'ombe 5.

7. Kumwachia mwenzako

Mchezaji hazeeki kama mkulima. Mkulima wa miaka 34 ni kijana bado. Mchezaji wa miaka 34 magoti yake yanajua. Tarehe 12 Juni 2022 Greysia aliagwa rasmi katika uwanja wa Istora Senayan, mjini Jakarta. Wakati huo Apriyani alikuwa amekwisha kuanza kucheza na mwenzi mpya, Siti Fadia Silva Ramadhanti. Safari hii Apriyani ndiye aliyekuwa mkubwa. Katika mwaka huo huo wakashinda mashindano ya Malaysia na ya Singapore.

Ndugu msomaji, huenda hutacheza mpira wa vinyoya maishani mwako. Lakini una mtu unayelima naye, unayevua naye au unayeuza naye sokoni. Mtazame vizuri. Je, unapiga kinyoya kilicho chake? Je, unamwachia kilicho chako? Na siku raketi yake ikivunjika, utaweza kuulinda uwanja mpaka arudi?

Mpwa wangu sasa anasimama juu ya gogo, yeye ndiye anayeangalia mstari. Mimi bado niko chini. Mwaka huu ameanza kumfundisha mdogo wake. Naona siku yangu ya kuacha inakuja. Siiogopi sana, kwa maana msumeno hautaning'inia ukutani.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini watazamaji wa London walizomea? Je, walikuwa na haki?
2. Apriyani alifanya nini raketi ya mwenzake ilipoharibika?
3. Mpasua mbao alijifunza nini kutoka kwa mpwa wake?
4. Taja kazi tatu za kijijini kwenu zinazohitaji watu wawili. Mmoja akiumia, mnafanyaje?