Butiama, na Swali Lililobaki Mfukoni

Wengi wenu mmepata kusikia habari za Butiama, lakini si wote mliopata kufika. Mimi nilifika huko baada ya mavuno, nami nataka kuwasimulieni kidogo, maana safari yangu haikuwa ya matembezi tu.

Sababu yake ilikuwa hii. Katika parokia yetu tuna desturi ya kumwalika mtu mkubwa kila baada ya miezi mitatu, aje ukumbini azungumze nasi juu ya mambo ya nchi, mila zetu, na vitabu vipya alivyosoma. Mara ya mwisho alikuja kiongozi mmoja wa serikali. Alisema saa nzima. Alipokwisha, Padre Paroko akauliza, "Nani ana swali?" Ukumbi ukawa kimya. Mzee mmoja akasimama, akamshukuru mgeni kwa kufika. Mwingine akasimama, akamshukuru tena. Kisha soda zikaletwa. Nami karani, niliyeandika mwaliko kwa mkono wangu, nilikuwa na swali mfukoni: kwa nini zahanati yetu imekaa miezi mitano bila dawa za watoto? Nikarudi nalo nyumbani. Juma lile lile halmashauri ya parokia ikaanza kusema kwamba mazungumzo haya ni gharama ya bure, heri fedha zinunue viti. Nikaona aibu, maana sikuwa na la kujibu.

Basi nikaondoka Mwanza alfajiri. Barabara yapita Magu, kisha Lamadi, ambapo mkono wa kuume mbuga ya Serengeti imesogea karibu kabisa na lami, na mkono wa kushoto ziwa liko nyuma ya mashamba. Abiria wenzangu walilala. Mimi nilihesabu nyumbu. Tukapita Bunda na Kiabakari, nikashuka Makutano, na kutoka hapo nikachukua bodaboda mpaka Butiama. Ni nchi ya vilima na mawe makubwa, hewa yake baridi kidogo kuliko ya ziwani.

Mahali penyewe panaitwa Mwitongo. Hapo ndipo alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere, karibu na makaburi ya wazazi wake. Makumbusho yana picha, zawadi alizopewa na mataifa, na vyombo vyake; lakini habari hizo mtajionea wenyewe siku mkifika. Mimi niliyesoma chuo cha ualimu fikira zangu zilikawia zaidi kwenye vitabu, maana mtu huyu alirudi kijijini kwake na maelfu ya vitabu, na alikuwa akisoma na kuandika mpaka uzeeni.

Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Jina hili la pili hunichekesha kila mara. Shakespeare alitaja mfanyi biashara mmoja tu. Mwalimu akawafanya wengi, tena mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha! Mtu aweza kubishana naye, na nadhani angependa mtu abishane.

Hata alipokwisha kustaafu hakukataa kuulizwa. Tarehe 13 Machi 1995 alikutana na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, akawaeleza kwamba nchi ni kama nyumba iliyopata nyufa, akazitaja bila kuficha: Muungano, rushwa, ukabila, udini. Maneno yale yakapigwa chapa, na mpaka leo watu huyasoma.

Nilipotoka nikamkuta mzee mmoja ameketi kivulini, anakunywa chai. Alikuwa amekuja kumtembelea binti yake aliyeolewa hapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali?"

Nikamweleza habari zangu, hata habari ya swali. Alicheka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

"Mimi pia ninalo la namna hiyo," akasema. "Mwaka 1974 walikuja watu wa Operesheni, wakatuambia tuhamie kijijini. Nyumba yangu ilikuwa na miezi miwili tangu niiezeke. Ikabomolewa, nami natazama."

"Mwalimu aliporudi kukaa hapa, hukumwuliza?"

"Nilikuwa nikimwona Misa. Nilisema moyoni, leo nitamwuliza. Kisha nasema, mtu mkubwa kama huyu, nitamwulizaje habari za kibanda changu? Miaka ikapita. Oktoba 1999 nikasimama katika mstari pamoja na wengine, nikaliaga jeneza."

"Ungemwuliza nini hasa?"

"Kama aliambiwa."

"Aliambiwa nini, mzee?"

"Kwamba nyumba zilibomolewa. Basi. Kama alijua, au kama walimficha."

Nikamwambia kwamba mwaka 1977 Mwalimu alitoa kitabu cha kuupima mwendo wa nchi miaka kumi baada ya Azimio, akakiri waziwazi kwamba Tanzania haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Nikamwambia pia kwamba katika kitabu hicho hicho kuhama kwa mamilioni ya watu kwenda vijijini alikuhesabu kuwa kazi kubwa iliyofanikiwa. Alinisikiliza kwa makini sana, kikombe kimesimama mkononi.

"Katika hao waliohesabiwa," akasema, "na mimi nimo."

Hakusema zaidi juu ya jambo hilo. Alinimiminia chai, akaniuliza bei ya mahindi kwetu, na jua lilipoanza kushuka binti yake akaja kumchukua. Aliniaga kwa kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Njiani sikulala. Nilipofika nikaenda moja kwa moja kwa Padre Paroko, nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Halmashauri imekubali tujaribu mara moja tena kabla ya kununua viti. Mgeni ameahidi kuja Jumapili ya mwisho wa mwezi, na safari hii maswali yameandikwa katika daftari la parokia, yatasomwa kabla ya shukrani na kabla ya soda. Mpaka jana yalikuwa saba. La zahanati ni la kwanza, na jina langu liko mbele yake.