Majina 14 Yaliyopotea

Sisi tulioandika makala haya ni wanafunzi watatu wa darasa la juu. Tumeona tueleze wenyewe yaliyotokea siku ya hafla ya kufunga mwaka, kwa kuwa tumesikia yakisimuliwa sivyo.

Ustadh alitukabidhi kazi ya kuingiza majina ya wanafunzi wote 63 katika kompyuta ya madrasa. Tukatumia Python, lugha ya programu ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, na ambayo mmoja wetu alikuwa akijifunza shuleni. Orodha tukaipa jina "wote". Baadaye ikatakiwa orodha ya watakaofanya mtihani wa Juzuu Amma. Tukaandika tu mtihani = wote, tukidhani tumepata nakala, kisha tukaondoa humo majina ya wadogo 14 ambao hawajafika huko. Wakabaki 49. Tukafunga kompyuta tukaenda zetu kucheza mpira.

Siku ya hafla Ustadh akasoma majina ya wanaopewa zawadi kutoka kwenye karatasi tuliyochapa, ile ya "wote". Kila aliyeitwa akapokea mfuko wenye daftari, kalamu na tende. Majina yakaisha. Wale wadogo wamekaa safu ya mbele na nguo zao mpya, wanamtazama Ustadh. Binti mmoja wa miaka sita akamgeukia mama yake, akauliza, "Kwani mimi sisomi hapa?"

Mifuko yao ilikuwepo, wakagaiwa baadaye. Lakini kupewa mfuko mlangoni si sawa na kuitwa mbele za watu.

Usiku ule tulilaumiana sana. Mwenzetu aliyekuwa akichapa tulimwambia kafuta orodha isiyohusika, naye akakana hadi akalia. Kesho yake tukaiuliza kompyuta yenyewe: wote is mtihani? Ikajibu True, yaani kweli, hiki ndicho kile. Orodha mbili hazikuwepo hata dakika moja. Mwenzetu alisema kweli, tukamwomba radhi.

Ndugu msomaji, katika Python jina si sanduku la kuwekea kitu. Ni jina tu, kama haya tunayoitwa sisi. Mtoto nyumbani anaitwa Sele, kwenye daftari la madrasa ameandikwa Suleiman. Ukimnyoa Sele, usitegemee kumkuta Suleiman ana nywele.

Kilichotupoteza ni namba. Ukiandika a = 5, kisha b = a, kisha b = b + 1, ile a hubaki 5. Tukasema, basi hii ni nakala! Kumbe namba 5 haigeuki kuwa 6. Jina b ndilo linalohamia kwenye namba nyingine. Orodha si hivyo. Yenyewe hubadilika palepale ilipo: remove huipunguza, append huiongeza, na kila jina linaloielekea huonyesha mabadiliko hayohayo. Ila ukiandika b = b + ["Asha"], hapo b inahamia orodha mpya na ile ya zamani haiguswi. Hili peke yake lilitumalizia jioni nzima.

Dawa ilikuwa fupi: mtihani = wote.copy(). Tukajiona mafundi. Wiki iliyofuata tukaongeza alama, kila mwanafunzi akawa na orodha yake ndogo ya jina na alama ndani ya orodha kubwa. Tukanakili, tukabadilisha alama moja kwenye nakala kwa majaribio, na kwenye asili nayo ikabadilika! Sababu ni kwamba copy hunakili orodha ya nje tu. Ni kama kuandika majina ya darasa kwenye karatasi ya pili: karatasi zimekuwa mbili, watoto ni walewale. Anayetaka kunakili hadi vya ndani hutumia deepcopy. Safari hii, alhamdulillahi, tuligundua kabla ya kuchapa.

Madrasa ilipofunguliwa tukamwomba Ustadh ruhusa, tukasimama mbele na kuyasoma majina yale 14, moja moja, darasa zima likisikiliza. Binti yule aliitika "Abee!" kabla hatujafika kwenye jina la baba yake.