Barua kwa Mpwa Aliyekabidhiwa Bendi

Homa Bay

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, na nimeisoma kwa furaha kubwa, kwa kuwa umenieleza ndani yake kuwa shule yako huko Migori imekukabidhi bendi na kwaya pamoja na vipindi vya muziki, ukaniomba nasaha mimi niliyeitumikia kazi hiyo hadi kustaafu. Nayo nasaha yangu, okewo, mwana wa dada yangu, ingawa ina matawi mengi, shina lake ni moja: ijenge bendi itakayoweza kupiga siku ambayo wewe hutakuwapo.

Wajua kama nijuavyo kwamba Tume ya Huduma kwa Walimu huhamisha watu, na mwalimu wa muziki hana kinga kuliko wenziwe. Iko shule, sitaitaja, ambayo kwaya yake ilisifiwa kila mahali, lakini mwaka uliofuata kuondoka kwa mwalimu wake hapakusalia mwanafunzi awezaye hata kuwapa wenzake sauti ya kuanzia, na matarumbeta yalilala ghalani hadi vali zikaganda kwa uchafu. Mwalimu yule alikuwa hodari kwelikweli, ila maarifa yote aliyahifadhi kifuani mwake, naye alipokwenda yalikwenda naye. Basi wewe chagua katika kila kundi la ala mtoto wa darasa la juu awaongoze wa darasa lililo chini yake. Wafundishe solfa hata waweze kuusoma wenyewe ukurasa ambao hawajapata kukusikia ukiuimba. Waache washike fimbo ya kuongozea mazoezini ilhali wewe umeketi nyuma ukisikiliza. Na kila wimbo unaoupanga uuandike katika daftari lililo mali ya shule, pamoja na jina la aliyekufundisha, na namna ngoma zake zinavyoingia. Kutia vali mafuta, kumwaga mate na kuifuta ala kabla ya kuirejesha sandukuni, hayo wayajue kabla hawajajua kupiga wimbo wowote wa gwaride.

Utaniuliza, na Tamasha je? Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927, nami nalienzi kwa dhati, kwa maana limewafanya watoto wa Nyanza wasikie nyimbo za Pwani, na wa Pwani wasikie zetu, jambo ambalo hakuna kitabu kilicholiweza. Lakini usikubali likawa ndio muziki wote wa shule. Mwalimu mkuu huhesabu vikombe, na mwalimu mchanga akitaka kumridhisha huteua sauti zilizokwisha kuiva, akawafukuza wengine, kisha nyimbo mbili zikakaririwa tangu Januari hadi Agosti, watoto wakazijua hizo na wasijue muziki. Mtoto aliyeambiwa kwamba sauti yake si ya kuimba hubaki na neno hilo hata uzeeni. Nimezungumza na wazee wa namna hiyo, na wengi wao walikuwa na masikio mazuri. Basi wasiochaguliwa nao wawe na kundi lao, wafanye mazoezi siku moja na wenzao, na siku ya wazazi wapige wao kwanza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulitafakari zaidi ya yote, nalo ni neema ya mahali ulipopelekwa. Darasani mwako wataketi pamoja Wajaluo, Wakuria, Wasuba na Waabagusii, na kila mmoja ana ala zake nyumbani: nyatiti yetu ya nyuzi nane, orutu ya uzi mmoja, ngoma za ohangla, na iritungu ya Wakuria yenye sauti nzito iingiayo mifupani. Mpeleke mtoto wa tarumbeta akamtazame mpigaji nyatiti aliyeketi juu ya kigoda kifupi, vidole vyake vikicheza nyuzini, njuga ziitwazo gara zikilia mguuni, na pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, iitwayo oduong'o, ikigonga mti wa ala, huku yeye mwenyewe akiimba. Mtoto huyo ataelewa mapigo yanayopishana upesi kuliko ukimchorea ubaoni kwa muhula mzima. Na mwite mzee wa ala aje shuleni kwa ujira na kwa heshima, aketishwe mbele kama mwalimu mgeni. Tafadhali usimlazimishe kukaza nyuzi zake zifuate kinanda. Masikio ya mzee yamerithi mpangilio wake wa sauti, na ni juu ya wanafunzi wako kuufuata. Wala usiwazuie wasichana. Zamani mwanamke hakuruhusiwa kupiga nyatiti, lakini amekuja Eriko Mukoyama kutoka Japani, ambaye watu wetu walimwita Anyango, akajifunza huku Nyanza na kuipiga hata ng'ambo; itakuwaje binti wa Rongo au Muhuru akatazwe?

Wanaokuambia kwamba kazi hii ya muziki ni ya watu wasio na elimu, wakumbushe kwamba mwaka 1963, nchi ilipohitaji wimbo wa taifa, waliitwa wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi; nao waliupata msingi wake katika wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mwanawe. Omondi baadaye aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha London juu ya nyatiti hii hii.

Kuhusu kupiga gitaa usiku wa Ijumaa na Jumamosi, mama yako amenililia, lakini mimi sikukatazi. Daniel Owino Misiani alizaliwa karibu na Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Tanzania ulio karibu nawe, na gitaa la benga ambalo yeye na wenzake walilieneza limejaa vidole vya nyatiti. Mwalimu asiyepiga mbele ya watu hukauka, na watoto huutambua ukavu huo upesi. Ila patana bei kabla hujapanda jukwaani, hasa matangani, ambako shukrani ni nyingi na fedha huahidiwa baadaye. Pombe ya mwenyeji usiifanye sehemu ya ujira. Na Jumatatu asubuhi uwe umesimama darasani kabla ya wanafunzi. Ukirekodi wimbo uliofundishwa na mzee, jina lake litajwe na sehemu yake alipwe, kwani sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mwanamuziki, nawe usiwe wa kumdhulumu asiyejua kusoma mkataba.

Mama yako nimemwandikia kando, nimtulize. Madaftari yangu ya nyimbo, yale ya solfa na yale ya mapigo ya ngoma, nimeyafunga kwa kamba. Likizo ya Aprili njoo uyachukue, na uje na mmoja wa wanafunzi unaowaandaa kuongoza, ili nimwonyeshe yeye mwenyewe namna ya kuyasoma.

Wasalaam,

Mjomba wako